Ana mimba ya wiki 9, anauliza apime vinasaba vya mtoto au aache

Swali: Habari daktari. Nina miaka 34, nina mimba ya wiki 9. Ya kwanza iliharibika mwaka jana ikiwa na wiki 8. Kliniki wameniambia kuna kipimo cha damu cha kuangalia vinasaba vya mtoto mapema, wakanipa karatasi nikasome, wiki ijayo niende na jibu. Dada yangu alifanya, anasema ni damu tu haina madhara na ni uhakika asilimia 99. Mume wangu anasema kama mimba hatuitoi tunapima ili iweje, na kwenye familia zetu zote mbili hakuna mtoto aliyezaliwa na shida hizo. Mimi niko katikati, usiku silali. Nifanye au niache? Na nikikataa sasa ndo basi, au naweza kubadilisha mawazo?

Jibu:

Hongera na pole kwa pamoja dada yangu. Naanza na ile mimba iliyoharibika maana naona ndo inakunyima usingizi kuliko hiyo karatasi. Mimba zinazoharibika kabla ya wiki 12, karibu nusu yake ukizichunguza unakuta idadi ya kromosomu, vile vifurushi vya vinasaba ndani ya seli, haikukaa sawa, badala ya 46 unakuta 47 au 45 au hata 69, na hiyo mara nyingi sana ni ajali tu ya yai au mbegu kugawanyika vibaya, haina uhusiano na ulichokula wala ndoo uliyonyanyua wala mawazo uliyokuwa nayo. Kuharibikiwa mara moja hakukuingizi kwenye kundi la hatari. Wengi waliopita hapo ulipopita wewe, mimba iliyofuata wameibeba mpaka mwisho. Kwa hiyo ukiamua kupima usipime kwa sababu unaona mwili wako una deni la kulipa, hauna.

Hilo hilo linamjibu na mume wako. Kusema kwetu hakuna ni habari njema kwa magonjwa ya kurithi, ila sindromu ya Down, ile hali ya mtoto kuchelewa kukua kiakili na kimwili ambayo ndo inayotafutwa zaidi na kipimo hiki, kwa sehemu kubwa hairithiwi, kama asilimia 95 ya watoto wenye hali hiyo kromosomu yao ya 21 imeingia nakala tatu badala ya mbili wakati yai au mbegu inatengenezwa, na hiyo inaweza kutokea kwenye ukoo ambao haijawahi kuonekana tangu enzi za mababu. Kinachoisukuma zaidi ni umri wa yai. Mama wa miaka 25 uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye hali hiyo ni kama 1 kati ya 1,300 hivi, wa 35 ni 1 kati ya 350, wa 40 ni 1 kati ya 100. Wewe kwa miaka 34 ni kama 1 kati ya 450, yani wakikusanywa kina mama 450 wa umri wako, 449 hawahusiki. Na hii habari ya miaka 35 kuwa ndo mstari wa hatari isikutishe, hakuna kitu kinachobadilika usiku wa birthdei, namba inapanda pole pole, na watoto wengi wenye sindromu ya Down wanazaliwa na kina mama wa chini ya miaka 35 kwa sababu tu hao ndo wanaozaa kwa wingi.

Sasa dada yako. Kasema haina madhara na kasema asilimia 99. Vyote viwili vina ukweli ndani yake na vyote viwili vimewaliza watu ofisini kwangu.

Kipimo wanachokuambia bila shaka ni hiki kinachoitwa NIPT. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba kwenye damu ya mama mjamzito kunaelea vipande vidogo vidogo vya DNA, yani vinasaba, vingi ni vya mama mwenyewe ila sehemu fulani, mara nyingi karibu asilimia 10, ni vya mimba. Mwaka 2011 vipimo vya namna hii vikaanza kuuzwa. Mashine inachofanya ni kuhesabu tu, vipande vya kromosomu ya 21 vikizidi kidogo kuliko inavyotegemewa inasema hapa kuna shaka, vivyo hivyo kwa ya 18 na ya 13. Lakini kuna jambo wengi hawaambiwi: vile vipande havitoki kwa mtoto mwenyewe, vinatoka kwenye kondo la nyuma. Kondo na mtoto wametoka yai moja kwa hiyo karibu siku zote wanafanana, ila siyo siku zote, unaweza kukuta kondo lina seli zenye hitilafu na mtoto yuko sawa kabisa. Na wakati mwingine kilichoonekana kinatoka kwa pacha aliyefifia mapema bila mtu kujua, au kwa mama mwenyewe.

Ndo maana hiki kipimo mimi nakiita chekeche. Kazi ya chekeche ni kutenga, hakikuambii kilichobaki juu ni nini. Kuna vipimo vingine vya kuthibitisha, nitakuja huko.

Hiyo 99 sasa, hapa naomba unisome taratibu maana ndo penye mtego. Asilimia 99 maana yake ni hii: wakipimwa watoto 100 ambao kweli wana sindromu ya Down, kipimo kitawakamata kama 99. Haimaanishi kwamba wewe ukiambiwa kuna shaka basi ni uhakika wa asilimia 99. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya kila siku, hata wahudumu. Tupige hesabu rahisi. Chukua kina mama 10,000 wa umri wako. Kwa ile namba ya 1 kati ya 450, kama 22 wamebeba mtoto mwenye hali hiyo, na kipimo kitawapata karibu wote. Sasa kwa hao wengine 9,978, tuseme kipimo kinakosea mmoja tu kwenye kila 1,000, ambayo ni kosa dogo sana, bado watapatikana kama 10 wanaoambiwa kuna shaka wakati hamna kitu. Kwa hiyo wamepigiwa simu watu 32, 22 kweli, 10 uongo. Ni kama 7 kati ya 10. Mama wa miaka 40 ukimfanyia hesabu hiyo hiyo inapanda inafika 9 kati ya 10, wa miaka 25 inashuka chini ya nusu, na hapo kipimo ni kile kile na maabara ni ile ile. Hali zikiwa adimu zaidi ndo mbaya kabisa: ugonjwa unaompata mmoja kati ya 10,000, kwa kosa lile lile la mmoja kwenye 1,000, unapata mmoja wa kweli na kumi wa uongo.

Niliwahi kumhudumia mama mmoja aliyefungua majibu akiwa kwenye basi, kwenye simu, yameandikwa hatari kubwa ya trisomia 13, yani nakala tatu za kromosomu ya 13. Akalia wiki tatu nzima, akaacha hata kuongea na tumbo lake. Walipochukua maji ya uzazi mtoto alikuwa mzima. Kipimo hakikuwa kibovu, kilifanya kazi yake kama chekeche, ila hakuna aliyemweleza kabla kwamba kwa hali adimu namna ile jibu la shaka mara nyingi ni la uongo. Ndo hapo nasema sindano ya kutoa damu haina madhara, majibu ndo yana uzito.

Upande wa pili wa hesabu ni mtamu zaidi. Ukiambiwa uwezekano ni mdogo, ile 1 kati ya 450 yako inashuka mpaka chini ya 1 kati ya 10,000. Kwa hiyo kipimo hiki ni hodari sana kwenye kutuliza kuliko kwenye kuhukumu. Hiyo iweke kichwani.

Ikitokea shaka, kuna njia mbili za kuthibitisha. Kuna kuchukua kipande kidogo cha kondo kati ya wiki ya 11 na 14, na kuna kuvuta maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, yote kwa sindano au mrija mwembamba huku wanaangalia kwenye altrasaundi. Kwa sababu NIPT yenyewe inasoma kondo, mara nyingi ni busara kusubiri maji, hasa kama altrasaundi inaonyesha mtoto hana tatizo la wazi. Vitabu vya zamani vilikuwa vinasema mimba 1 kati ya 100 inaharibika kwa sababu ya hizo sindano, tafiti za karibuni zimeishusha, kwa mtu mzoefu ni chini ya 1 kati ya 200. Ni ndogo ila ipo, na kwa mtu aliyepoteza mimba mwaka jana najua hiyo namba haisikiki ndogo. Na hapa sina mzaha: usifanye uamuzi wowote usiorudi nyuma kwa NIPT peke yake. Wowote.

Haya, mume wako anauliza kama hatuitoi tunapima ili iweje. Swali zuri, na kwa baadhi ya watu jibu lake ni kweli, hamna haja, wasipime, wala wasimwombe mtu msamaha. Ila kuitoa au kutoitoa sio sababu pekee ya kutaka kujua, na hata hilo la kuitoa lina sheria zake kulingana na nchi unayoishi. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down wanazaliwa na tatizo la moyo, na mengi yanarekebishika kwa upasuaji, sasa kuna tofauti kati ya kujifungulia sehemu yenye daktari wa moyo wa watoto anayekusubiri na kuanza kumtafuta mtoto akiwa keshabadilika rangi. Kwa trisomia 18 na 13 habari ni nzito zaidi, wengi wa watoto hao hawafikishi mwaka, na kuna wazazi wanaotaka kujua mapema ili wapange siku zile chache ziwe za utulivu badala ya mbio za mashine. Kuna wengine wanataka tu muda, miezi mitano ya kulia, kusoma, kukutana na familia zenye watoto kama hao na kugundua kwamba mtoto mwenye Down siku hizi, akipata huduma nzuri, anaweza kufika miaka 60, anasoma, anafanya kazi, anakuchosha kwa utani. Na kuna ambao kujua kungewaharibia ujauzito mzima bila kuwapa chochote. Wote hao wana akili timamu.

Kwa hiyo mimi swali la mume wako ningeligeuza kidogo. Leo jioni kila mmoja achukue karatasi yake, msichunguliane, mfikirie simu imeita na nesi anasema kuna shaka. Andika siku ile unafanya nini. Wiki inayofuata unafanya nini. Sindano ya maji ya uzazi ungekubali? Kama ungekubali, basi kipimo kina njia ya kwenda, kina mwisho. Kama usingekubali kamwe, je unaweza kukaa na neno labda tumboni mpaka siku ya kujifungua, ukiwa hujui kama wewe ni wa wale 22 au wale 10? Hapo ndo watu wengi wanajijua. Nimeona mtu aliyekuja amekaza kupima akaondoka amekataa kwa swali hilo moja, na mwanaume aliyesema hatupimi akakuta karatasi yake mwenyewe imeandikwa ningetaka kujua, akabaki anaiangalia.

Sasa nikuambie nilichoona mimi kwenye barua yako, na unisamehe kama nimekosea. Hofu yako kubwa ni kuipoteza hii mimba. Ya kwanza iliharibika, usiku silali, hayo ni maneno ya mtu anayeogopa damu kwenye nguo, hayamtaji mtoto mwenye kromosomu ya ziada hata kidogo. Na NIPT haijibu hofu hiyo. Hata majibu yakija mazuri kabisa, usiku utaendelea kuamka kwenda chooni kuangalia. Kitu kinachojibu hofu yako ni altrasaundi, kuona mapigo ya moyo, maana mapigo yakionekana vizuri kwenye wiki hizi za 9 na 10 uwezekano wa mimba kuharibika unashuka sana. Bahati nzuri altrasaundi hiyo unaihitaji hata kama unataka NIPT, ili wahakikishe mimba iko hai, umri wake ni sahihi, na ni mmoja au mapacha. Kutoa damu kabla ya wiki 10 ni kupoteza damu, DNA ya mimba inakuwa bado kidogo mno. Kwa hiyo ningekuwa wewe wiki ijayo ningeenda kliniki na ombi la altrasaundi kwanza, jibu la kipimo baadaye, kisha nilale siku mbili tatu baada ya kuona ule moyo unadunda halafu ndo nijiulize tena. Uamuzi uliofanywa na mtu aliyelala ni mwingine kabisa.

Kama mtaamua kupima, kuna mambo ya kukagua kwenye fomu. Maabara nyingi zinaongeza vitu, wanakuambia tunaangalia pia vipande vidogo vilivyokatika kwenye kromosomu, kumi, ishirini, orodha ndefu ya majina ya ajabu. Hizo ni hali adimu sana na kumbuka ile hesabu ya mmoja wa kweli na kumi wa uongo. Kwa mama asiye na sababu maalumu mimi huwa nashauri zifutwe. Jinsia nayo, kama hamtaki kujua semeni kabla, na kama mnachotaka ni jinsia tu basi msifungue mlango huu kwa ajili hiyo, kuna altrasaundi ya baadaye. Ulizia pia nani atakupa majibu, kwa simu au uso kwa uso, na kama kukiwa na shaka kipimo cha kuthibitisha kinapatikana wapi. Wakishindwa kukujibu hilo la mwisho, hiyo yenyewe ni taarifa.

Na yanaweza kurudi bila jibu lolote, wanasema DNA ya mimba haitoshi. Inatokea zaidi kwa mama mwenye mwili mkubwa au aliyepima mapema mno. Mara nyingi ukirudia inatoka, ila lisichukuliwe juu juu, maana kati ya wanaokosa jibu kwa sababu hiyo hali kama trisomia 18 na 13 zinaonekana zaidi kidogo kuliko kawaida. Onana na daktari kabla ya kurudia tu kimya kimya.

Kisichoonekana kwenye NIPT ni kingi na hili nalisema kwa sababu watu wanatoka na majibu mazuri wanaacha hata kliniki. Haioni uti wa mgongo ulio wazi, haioni matatizo mengi ya moyo, mdomo sungura, wala usonji. Sikoseli kwenye kipimo cha kawaida haimo. Na sikoseli ni ya kurithi haswa, mzazi anaweza kuibeba bila kuumwa hata siku moja, na wote wawili mkiwa nayo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuumwa. Kama wewe na mume wako hamjawahi kupima hilo, pimeni, damu yenu wenyewe, na kwenu nyinyi inaweza kuwa na maana kuliko hii NIPT yote. Halafu altrasaundi kubwa ya wiki ya 18 mpaka 22 inayoangalia kiungo kimoja kimoja, hiyo usiikose, umepima vinasaba au hujapima.

Swali lako la mwisho nimeliacha mpaka huku lakini ndo jepesi kuliko yote. Ukikataa wiki ijayo sio ndo basi. NIPT inafanyika kuanzia wiki ya 10 na haina siku ya kufungwa kama vipimo vingine, ila ukichelewa sana majibu yanakuja wakati huna cha kufanya nayo. Kinachofungwa ni ile altrasaundi ya kupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto, inafanywa kati ya wiki ya 11 na wiki ya 13 na siku 6, ikiunganishwa na vipimo viwili vya damu inakamata kama asilimia 85 mpaka 90 ya sindromu ya Down, ila katika kila mama 100 ambao watoto wao hawana tatizo kama 5 wataambiwa kuna shaka. Ikipita hiyo kuna kipimo cha damu cha kawaida cha wiki ya 15 mpaka 20, ni dhaifu zaidi lakini kipo. Wewe una wiki 9, kwa hiyo hata ukichukua siku kumi za kufikiri hakuna dirisha litakalokufungia. Mwambie nesi hivyo hivyo: nimesoma, bado naamua, naomba altrasaundi. Na siku ukienda kutoa damu, kama utaenda, kunywa chai yako kabisa kabla ya kutoka, hakihitaji kufunga.